Kuchanganya Mvi kwa Rangi Isiyokudai Kila Mwezi: Mwongozo Kamili

Rangi ya nywele haichoshi siku unayoipaka. Huchosha wiki ya nne, pale kwenye mpasuo na kwenye panja unapojitokeza mstari mweupe ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Nywele hurefuka kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, na za kipilipili huenda taratibu kidogo kuliko hapo. Anayepaka nyeusi iliyokolea kichwa kizima huwa na wiki tatu za utulivu, kisha anarudi tena kwenye bakuli na brashi. Akiendelea hivyo miaka kadhaa, nywele zinachoka na ngozi ya kichwa inachoka.

Njia ninayoieleza hapa ni kuchanganya mvi badala ya kuzifunika. Baadhi ya nywele nyeupe unaziacha kama zilivyo, nyingine unazipunguza makali, nyingine unazipa rangi inayokaribia nywele zako za asili bila kufanana nazo kabisa. Mzizi mpya unapoota mweupe, unakuta jirani zake nao wana weupe, kahawia na weusi kwa pamoja, hivyo mpaka hauonekani. Kabla hujanunua chochote, jiulize swali moja: rangi hii itaonekanaje baada ya wiki 8 nisipoigusa? Kama jibu ni mstari, tafuta rangi nyingine.

Kwanza, zijue mvi zako

Unywele hupata rangi kutokana na melanini, inayotengenezwa na seli zilizo kwenye shimo la unywele. Seli hizo zikipungua au zikiacha kazi, unywele huota bila rangi. Kwa kweli nywele zilizo za kijivu zenyewe ni chache kuliko tunavyodhani. Ule ukijivu tunaouona kwa mbali mara nyingi ni nywele nyeupe zikiwa zimechanganyika na nyeusi. Hili lina maana kubwa kwa kazi yetu, kwa sababu maumbile yenyewe tayari yamechanganya. Sisi tunasawazisha tu kiwango cha mchanganyiko.

Mvi nyingi pia huwa kavu na ngumu kupokea rangi, hasa zile za panja na za ukingo wa mbele. Ndiyo maana rangi ileile huweza kushika vizuri kisogoni ikateleza kwenye paji la uso.

Simama karibu na dirisha mchana, nywele zikiwa safi na kavu, bila mafuta. Tumia vioo viwili. Angalia sehemu nne moja moja: ukingo wa mbele, panja zote mbili, utosi, na kisogo. Usikisie kwa kichwa kizima, maana ni kawaida mtu kuwa na weupe mwingi mbele huku kisogo kikiwa cheusi kabisa. Kadiria kila sehemu: je, ni chini ya robo, karibu na nusu, au zaidi ya nusu? Andika mahali. Makadirio hayo ndiyo yatakayokuchagulia mbinu:

- Chini ya robo hadi karibu nusu: rangi ya kati (naieleza hapa chini), iliyo nyepesi kuliko nywele zako.
- Nusu na zaidi: nyuzi chache za rangi iliyokoza, weupe uliobaki uachwe.
- Karibu zote nyeupe: kazi ni kuondoa umanjano na kurudisha mng'ao, si kupaka rangi.

Aina za rangi, na ile inayokufaa

Madukani rangi zina majina mengi, lakini kwa kazi hii zigawe katika makundi matatu.

Rangi ya juujuu haina peroksaidi, yaani ile dawa ya kuiamsha rangi. Hukaa kwenye ganda la unywele na hufifia baada ya kuosha mara chache. Haina madhara makubwa kwa nywele, ila mvi sugu huikataa.

Rangi ya kudumu huchanganywa na peroksaidi, kwa kawaida ya asilimia 6, pamoja na amonia au alkali nyingine inayofungua ganda la unywele. Hufunika weupe wote. Hubadilisha pia nywele zako za asili, na haitoki mpaka ikatwe. Mstari ninaousema hapo juu ni mtoto wake.

Katikati ya hizo mbili kuna rangi inayochanganywa na peroksaidi dhaifu, mara nyingi ya asilimia 3 au chini ya hapo. Hiyo ndiyo naiita rangi ya kati, na ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi. Hufifia polepole kwa kuosha mara 20 hivi, ikiacha mpito laini badala ya mpaka. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haina nguvu ya kuzing'arisha nywele nyeusi. Ukipaka kahawia ya kati juu ya kichwa chenye nywele nyeusi na mvi, nyeusi zinabaki karibu vilevile, na nyeupe peke yake ndizo zinazogeuka nyuzi za kahawia. Unapata mchanganyiko ambao mtu angedhani umechorwa unywele mmoja mmoja, kumbe umepakwa kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu namba: rangi nyingi huhesabiwa kutoka 1, ambayo ni nyeusi, hadi 10, ambayo ni ya dhahabu iliyong'aa sana. Namba baada ya nukta huonyesha mwelekeo wa rangi, kama ni wa baridi, wa dhahabu au wa shaba, na maana yake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hivyo soma maelezo ya boksi. Nywele zako zikiwa nyeusi za asili, yaani 1 au 2, jaribu 4 au 5. Zikiwa kahawia iliyokoza, 5 au 6. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuchagua nyeusi kwa sababu "nywele zangu ni nyeusi". Nyeusi juu ya mvi hutoka nzito na ya bandia, na mwezi unaofuata inakudai. Epuka pia wekundu mwingi kama weupe wako uko mbele. Kwenye mvi wekundu huwaka kuliko unavyoonekana kwenye picha ya boksi.

Majaribio mawili yasiyorukwa

Jaribio la ngozi. Rangi nyingi zilizokoza zina kemikali ya PPD au jamaa zake, ambazo kwa watu wengine huleta mzio mkali. Saa 48 kabla ya kupaka, weka tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko kwa namna boksi linavyoelekeza, kisha subiri. Ukiona wekundu, mwasho, malengelenge au uvimbe, rangi hiyo si yako. Fanya hivi kila mara, hata kwa rangi uliyoizoea miaka mingi, kwa sababu mzio huweza kuanza ghafla baada ya muda mrefu wa usalama. Mtu aliyewahi kuchorwa ngozi kwa hina nyeusi au piko ikamwasha yuko kwenye hatari zaidi, maana michoro hiyo mara nyingi huongezwa PPD. Asipake rangi yenye kemikali hiyo kabla hajamwona daktari wa ngozi. Na ikitokea baada ya kupaka macho au uso unavimba, au pumzi inabana, suuza rangi mara moja na nenda hospitali, usisubiri kesho.

Jaribio la nyuzi. Chukua kifungu kidogo nyuma ya sikio chenye mvi, paka rangi, hesabu dakika. Kipanguse kila baada ya dakika 5 na ukiangalie. Andika dakika ambayo rangi ilikupendeza. Hapa ndipo siri ya kuchanganya ilipo: maelezo ya boksi yanakupa muda wa kufunika, lakini wewe huenda unataka nusu ya muda huo, ili mvi zipate kivuli tu bila kuzama. Wengi hukuta dakika 10 zinatosha.

Mbinu ya kwanza: rangi ya kati nyumbani

Andaa bakuli la plastiki au la kioo (la chuma liache), brashi ya kupakia, glavu, kitana chenye mkia, vibanio vinne, taulo kuukuu, na mafuta ya mgando. Kama ngozi ya kichwa ina mchubuko, vidonda au mba inayowasha, ahirisha. Usikune kichwa siku hiyo.

1. Gawa nywele mafungu manne: kutoka paji la uso hadi kisogo, na kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini. Bana. Kwa nywele za kipilipili, zichambue kwanza kwa maji na kondishona siku moja kabla, zikauke zikiwa zimenyooshwa kwa mabutu makubwa. Zikiwa zimejikunja kabisa rangi huruka sehemu.

2. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi ya paji la uso, masikio na shingo. Yasiguse nywele, yatazuia rangi.

3. Changanya kwa uwiano ulioandikwa kwenye boksi, na uchanganye kiasi utakachomaliza. Mabaki yatupe. Rangi iliyochanganywa ikifungiwa kwenye chupa hutoa hewa, na chupa inaweza kupasuka.

4. Anzia sehemu yenye mvi nyingi zaidi. Chora mipasuo ya kuyumbayumba, si iliyonyooka, na shika brashi wima ili ncha yake iguse nywele badala ya kuzifunika. Pale penye mvi moja moja, paka. Pale pasipo na mvi, ruka. Acha makusudi nyuzi chache nyeupe kwenye ukingo wa mbele. Najua mkono utakuwasha kuzipaka nazo. Ziache, kwani ndizo zitakazoficha mizizi mipya ikianza kuota.

5. Nywele fupi laini za pembezoni mwa uso paka mwisho. Baadhi huvuta rangi upesi zikatoka nyeusi kuliko zote.

6. Subiri dakika zile ulizoziandika kwenye jaribio la nyuzi. Usiongeze kwa hofu.

7. Kabla ya kusuuza, nyunyiza maji kidogo na usugue taratibu kwa vidole dakika moja hivi. Rangi inalegea, inajitoa kwenye ngozi, na mpaka wowote uliobaki unalainika. Kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu hadi yatoke safi, weka kondishona.

Safari inayofuata, baada ya wiki 6 hadi 8, paka kwenye mizizi tu. Dakika 2 za mwisho ndipo uvutie rangi chini ikiwa ncha zimepauka. Ukiirudia kichwa kizima kila mara, inajijenga tabaka juu ya tabaka, na baada ya mwaka utakuwa na ncha nyeusi usizozitaka.

Mbinu ya pili: kurudisha nyuzi za giza

Mtu mwenye weupe zaidi ya nusu akipaka rangi kote, amejifunga. Kwake ni rahisi zaidi kugeuza hesabu: weupe uwe ndio msingi, na giza liwe nyuzi chache zinazopita ndani yake.

Chukua kifungu chembamba, chenye unene wa kama milimita 3, ukifuma kwa mkia wa kitana ili upate nyuzi za kupokezana: moja ndani, moja nje. Zile zilizo juu ya kitana zilaze kwenye kipande cha karatasi ya alumini, zipake rangi ya kati iliyo karibu na rangi yako ya zamani au nyepesi kwa namba moja, kunja. Ruka nywele zenye upana wa sentimita 2 au zaidi, rudia. Weka nyuzi nyingi kisogoni na pembeni nyuma ya masikio, chache utosini, na chache kabisa mbele. Hivyo ndivyo mvi huota kwa watu wengi, na jicho linaamini kile kinachofuata mpangilio wa asili.

Mizizi ikiota, kinachoota ni weupe katikati ya weupe. Wiki 10 au 12 hupita bila mtu kugundua. Ni kazi ya kuomba msaada, kwa sababu kisogo chako hukioni, lakini msusi makini ataimaliza bila kemikali kali.

Kwa nywele za kipilipili au za kusokotwa, karatasi ya alumini si lazima. Sokota nywele kama unavyosokota siku zote, kisha paka kwa vidole vyenye glavu msokoto mmoja baada ya kila mitatu au minne, ukianzia sentimita 1 au 2 kutoka kwenye ngozi. Ukiacha nafasi hiyo, hakuna mpaka wa mizizi wa kuanza nao. Kwa dredi ni hivyohivyo, ila suuza muda mrefu sana kuliko unavyodhani inatosha, kwa kuwa rangi inayobaki ndani ya dredi huendelea kuchuruzika na kukausha.

Blichi: nani afanye, nani aache

Njia inayosifiwa sana saluni ni kung'arisha nyuzi nyembamba za nywele ambazo bado zina rangi, ili zifanane na mvi. Kwa mwenye nywele za kahawia nyepesi matokeo hupendeza mno, na yanaweza kudumu miezi 3 au 4. Kwa mwenye nywele nyeusi tii, safari ni ndefu: blichi huzipitisha nywele kwenye wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, kabla hazijakaribia weupe. Ukiishia katikati unapata nyuzi za chungwa kando ya mvi za fedha, na hazipatani. Ukilazimisha kufika mwisho kwa siku moja, nywele zinakatika.

Ushauri wangu ni wazi: blichi kwa ajili ya mvi isifanyiwe nyumbani. Na nywele zilizowekwa dawa ya kunyoosha zisiguswe nayo kabisa. Hata rangi ya kawaida, kama unatumia dawa ya nywele, iache ipite angalau wiki 2 baada ya dawa. Dawa hutangulia, rangi hufuata, na kamwe si siku moja.

Hina na indigo

Majani ya hina yana lawsoni, ambayo hushikamana na keratini, protini inayojenga unywele. Kwenye mvi hutoa shaba au chungwa lililowaka. Kwenye nyeusi hutoa mng'ao unaoonekana juani. Anayependa nyuzi za shaba kati ya nywele nyeusi atafurahi, hasa akiwa na mvi chache. Ukitaka kahawia au nyeusi, indigo, ambayo nayo ni unga wa majani, hupakwa baada ya hina kusuuzwa, na muda wake ndio unaoamua ukolevu.

Mambo mawili uyajue kabla. Hina haifutiki, kwa hiyo mstari wa mizizi utakuwepo, ingawa wa rangi ya joto. Pili, hina safi haiwezi kuwa nyeusi yenyewe. Boksi linaloahidi weusi kwa dakika chache lina kitu kingine ndani. Baadhi ya unga huchanganywa na chumvi za metali, na zikikutana na peroksaidi au blichi baadaye, nywele zinaweza kupata joto na kuharibika. Ukibadilisha kutoka hina kwenda rangi ya dukani, jaribio la nyuzi ni lazima.

Ndevu

Ndevu hukua na kuonekana upesi, kwa hiyo kosa la rangi nzito hujulikana ndani ya wiki moja. Tumia rangi ya kati, dakika 5 au pungufu, na brashi ndogo inayopita juujuu. Kidevu kikiwa na weupe wa kupendeza, kiache. Tia kivuli mashavuni tu. Rangi ya nywele isipakwe kwenye nyusi wala kope, maana ikiingia jichoni inaweza kuliumiza vibaya.

Kuitunza

Baada ya kupaka, usioshe kwa shampuu kwa siku 2 au 3. Baadaye tumia shampuu isiyo na salfeti, maji yasiyo ya moto, na punguza pasi ya nywele. Kabla ya kuogelea kwenye bwawa lenye klorini, lowesha nywele maji safi na uzipake kondishona; nywele zilizoshiba hunyonya klorini kidogo.

Mvi zilizoachwa hupata umanjano kutokana na jua, moshi, joto la pasi na madini ya maji. Shampuu ya zambarau huuzima. Mara moja kwa wiki, dakika 2 au 3, inatosha. Ukizidisha, mvi zinapata kivuli cha zambarau. Kwa kuwa mvi ni kavu, kondishona nzito kila wiki huzifanya zilale na kuakisi mwanga, na hapo huonekana kama zimepangwa.

Kama tayari una rangi nyeusi kichwani

Hili ndilo gumu kuliko yote. Rangi mpya haiondoi rangi ya zamani. Ukipaka kahawia juu ya nyeusi ya boksi, hutaona kitu. Kwa hiyo usihangaike na urefu, shughulikia mizizi.

Acha kupaka nyeusi leo. Mizizi ikifika sentimita 2, paka rangi ya kati ya namba 5 au 6 kwenye ukuaji mpya peke yake, kwa dakika chache, ukiruka baadhi ya nyuzi. Weupe unakuwa kivuli, na tofauti kati ya mzizi na urefu inapungua nusu. Katikati ya safari hizo, badilisha mpasuo uwe wa kuyumbayumba, na kwa siku muhimu tumia unga au wanja wa mizizi unaotoka kwa kuosha. Mwenye nywele za singa ndefu anaweza kumwomba mtaalamu atoe nyuzi chache nyembamba za nyeusi kwa kiondoa rangi, ili mpaka uvunjike mapema.

Kata ncha kila baada ya wiki 8 hivi. Ndani ya mwaka utakuwa na sentimita 10 hadi 12 za nywele zisizo na nyeusi ya boksi, au pungufu kidogo kwa nywele za kipilipili. Kwa wengi huo ni urefu wa kutosha kukata nyeusi yote iliyobaki. Siku hiyo rudi dirishani na vioo viwili uhesabu upya, kwa sababu makadirio uliyoyafanya ukiwa chini ya rangi nyeusi karibu kila mara huwa na kosa: utosi huenda ukawa mweupe kuliko ulivyodhani, na kisogo kikawa hakihitaji chochote.